Namba za Vyeti Vyetu: Tuziandike au Tuziweke?

Ndugu Wanachama,

Miezi hii miwili tumepokea barua nyingi kuliko desturi yetu, na karibu nusu ya barua hizo zauliza neno moja. Nyingine zimeandikwa vizuri kwa mashine, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya zamu, lakini swali ni lile lile. Je, mtu anapoomba kazi, na kutayarisha ile karatasi ya wasifu ambayo makarani huiita CV, yafaa aandike namba za vyeti vyake, au aandike majina ya vyeti peke yake na kuziweka namba mpaka aitwe?

Sababu ya swali hili twaijua sote. Wenzetu wengi wa mkataba wanakaribia mwisho wa mikataba yao, na hapana mtu aliyewaambia wazi kama watarudishwa au hawatarudishwa. Kwa hivyo wanaandika barua. Wanaandika usiku baada ya zamu, wanakwenda kwenye saiba kupigiwa chapa, wanatuma huku na huku, na wanangoja.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na ya kuwa karatasi ya chama ingefanya vizuri kusema habari za mishahara na nyumba. Sisi twasema si jambo dogo. Mshahara hupiganiwa na mtu aliye ndani ya lango. Yule aliye nje ya lango hana cha kupigania ila karatasi yake, na karatasi hiyo husimama peke yake mbele ya watu asiowajua, yeye mwenyewe hayupo, wala hawezi kuisaidia kwa neno. Yafaa basi tuitazame vizuri kabla hatujaituma.

Kwanza tutasema habari za wenzetu wawili. Majina yao hatuyataji, maana wao wenyewe walituomba hivyo, wala hatutaji mahali walikopeleka barua zao.

Wa kwanza ni fundi wa kuchomelea, mtu mpole, aliyefanya kazi pamoja nasi kwa miaka saba. Mkataba wake ulipokwisha aliona tangazo katika simu. Tangazo lilisema kwamba wachomeleaji wanatakiwa, mshahara ni mzuri, na kila mwenye cheti atume habari zake upesi. Ndugu yetu hakutaka kuonekana kama mtu anayeficha kitu. Aliandika kila namba aliyokuwa nayo. Aliandika namba ya kitambulisho chake, na namba ya mtihani wake wa shule, na namba ya cheti chake cha ufundi, hata namba yake ya kodi. Juu ya hayo alitia picha za vyeti vyenyewe. Kisha alingoja, wala hakujibiwa.

Miezi minane baadaye alikwenda kuomba kazi katika karakana moja ya watu binafsi. Karani alikitazama cheti chake, akafungua jalada, akamtazama usoni, akamwambia, "Bwana, cheti hiki tunacho tayari. Namba ni hii hii, lakini jina ni la mtu mwingine." Fundi wetu, aliyejifunza kazi yake kwa jasho na macho mekundu, alisimama pale kama mwizi. Ilimchukua majuma sita kwenda na kurudi katika ofisi, kwa nauli yake mwenyewe, mpaka akapata barua ya kusema kwamba yeye ndiye yeye. Alipoipata, ile kazi ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine.

Wa pili ni fundi wa umeme. Yeye alikuwa amesikia habari za yule wa kwanza, kwa hivyo aliogopa. Katika wasifu wake aliandika hivi tu: "Ni fundi umeme, nina leseni." Hakuandika ni leseni ya daraja gani, wala namba yake, wala mwisho wake ni lini. Aliiweka barua yake kama mtu anavyoweka fedha kifuani. Baadaye alikutana na karani aliyezipokea barua zile, nao walikuwa wametoka kijiji kimoja. Karani akamwambia kweli. Alikuwa na barua zaidi ya mia mbili na siku mbili za kuzichagua. Wale walioandika namba za leseni aliwatafuta katika daftari la mtandao, akawaona, akawatia alama. Wale wasioandika aliwaweka kando. Hakuwaona kuwa ni waongo, ila hakuwa na nafasi ya kuwatafuta.

Basi tazameni, ndugu. Mmoja aliandika yote, akaumia. Mwingine hakuandika hata moja, akaumia vile vile. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba jibu ni "andika" au "usiandike". Jibu si jepesi hivyo, na wale wanaobishana kantini wakati wa chakula wanabishana kwa sababu wote wawili wana nusu ya kweli.

Na tuseme haki ya upande wa mwajiri, maana chama kisichosema haki ya mwingine hakisikilizwi kinapodai yake. Mwajiri ana sababu ya kukagua vyeti. Mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa taarifa kwamba katika watumishi 28,000 hivi ambao vyeti vyao vilikaguliwa, watu 2,067 walionekana kuwa na vyeti vya uongo. Wako wanaocheka habari kama hizi, wakisema, "Wajanja hao!" Sisi hatucheki. Kila mmoja wa hao alikaa katika kiti cha mtu aliyesoma kweli kweli. Katika kazi yetu jambo hili ni baya zaidi, kwa maana mtu asiyejua kuchomelea akichomelea chini ya behewa, atakayelipa ni abiria. Kwa hivyo sisi twataka vyeti vikaguliwe. Mwenye cheti cha kweli hana sababu ya kuogopa mkaguzi. Sababu ya kuogopa anayo kwa yule asiyejulikana ni nani, anayejifanya mkaguzi.

Lakini mwajiri naye akumbuke kwamba watu wa nchi hii wana habari ndefu na namba. Babu zetu walivaa kipande. Sheria yake iliwekwa mwaka 1915, nayo ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita na zaidi alitakiwa awe nacho. Ndani yake mlikuwa na namba yake, alama za vidole vyake, majina ya waliomwajiri na mshahara aliopewa. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo cha bati, na kikopo kikafungwa kwa kamba shingoni. Mtu aliyetoka kazini bila ya kuandikiwa na bwana wake kwamba ameachiliwa, alitafutwa kwa namba hiyo na kushtakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaaze sauti mwaka 1921, na mwezi wa Machi 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai afunguliwe, walipigwa risasi. Ilipita miaka mingi kabla ya sheria ya mwaka 1947 kuleta kitambulisho cha watu wa makabila yote, na kipande kikaondoka.

Hatusemi kwamba namba ya cheti cha ufundi ni kipande. Cheti twakipata kwa kujifunza na kwa kufanya mtihani, nacho ni fahari yetu. Twakumbusha hilo ili watu waelewe kwa nini mzee wa Kenya akiulizwa namba yake na mtu asiyemjua hunyamaza kwanza. Hiyo si ujinga, ndugu. Namba ikitoka mkononi mwako hukai nayo tena, na anayeishika anaweza kuitumia wewe umelala.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Mwezi wa Juni 2021, watu walipopata njia ya kujitazama kwa mtandao katika daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa, Wakenya wengi walishangaa kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo kamwe. Hawakutia sahihi, wala hawakuhudhuria mkutano. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimeshikwa mahali fulani na mtu fulani, zikatosha.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Sisi watu wa reli tunalo somo mbele ya macho yetu kila siku. Namba ya behewa imeandikwa ubavuni kwa rangi, kubwa, ili kila mtu aisome, hata mtoto aliyesimama kando ya njia. Haidhuru kitu ikisomwa, bali ingedhuru kama haingesomwa, kwa maana behewa lingepotea. Lakini ufunguo wa behewa hauandikwi ubavuni. Huo hukaa na gadi, naye humfungulia mwenye haki ya kufunguliwa. Namba zetu nazo ziko hivyo. Nyingine ni za ubavuni, nyingine ni ufunguo. Kosa la fundi wa kwanza ni kwamba alipaka rangi funguo zake zote. Kosa la fundi wa pili ni kwamba aliifuta namba ya behewa lake.

Kwa hivyo sisi twazigawa namba hizi katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA ni namba ya leseni ambayo kwa sheria huwezi kufanya kazi yako bila ya kuwa nayo, na ambayo ofisi iliyoitoa imeiweka wazi katika daftari la watu wote. Fundi umeme hupewa leseni na EPRA, yaani mamlaka ya nishati na mafuta, na orodha ya wenye leseni hutazamwa na yeyote. Mhandisi huandikwa na Bodi ya Wahandisi, nayo daftari yake iko wazi. Namba ya namna hii iandike, wala usiogope. Andika na daraja la leseni, na tarehe ya mwisho wake. Aliyeona namba hiyo hakuona siri, maana ilikwisha kuwekwa wazi, na karani mwenye barua mia mbili atakupata kwa dakika moja. Namba hii ni ya ubavuni.

Lakini angalieni jambo moja. Kabla hamjaiandika, tazameni wenyewe kwamba jina lenu katika daftari limeandikwa sawa na jina lenu katika cheti. Wengi wetu tulibatizwa shuleni, tukaandikwa jina moja katika cheti cha ubatizo, jingine katika cheti cha mtihani, na la tatu katika kitambulisho. Karani akiona majina matatu hafikiri habari za padre wetu, bali hufikiri habari za wizi. Litengenezeni mapema, kabla ya siku ya shida.

FUNGU LA PILI ni namba iliyo juu ya cheti cha mafunzo au cha mtihani wa ufundi. Wengi wetu tuna vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza, tulivyopewa na NITA, yaani mamlaka ya mafunzo ya viwanda, au na Idara iliyokuwako kabla yake. Namba za vyeti hivi haziko katika daftari la kila mtu, na anayeishika anaweza kuitia katika cheti cha kughushi, kama alivyotendwa fundi wetu. Hapa twasema hivi. Katika wasifu andika jina la cheti lote kama lilivyopigwa chapa, daraja lake, ofisi iliyokitoa, mahali ulipofanyia mtihani, na mwaka. Namba iweke. Kisha andika sentensi moja ya kumwambia mwajiri kwamba utaitoa. Mfano ni huu:

"Cheti cha Mtihani wa Ufundi, Kuchomelea, Daraja la II. Kilitolewa na NITA, Nairobi, mwaka 2016. Namba ya cheti na cheti chenyewe vitaonyeshwa siku ya mahojiano."

Maneno hayo hayamfichi mtu. Yanasema kwamba cheti kipo, na mwenye kukitaka atakiona kwa macho. Mwajiri wa kweli hatakasirika. Naye mwajiri anayejulikana, mwenye ofisi na jina, akiandika katika tangazo lake kwamba anataka namba ya cheti, basi mpe, kwa kuwa ameuliza mchana na wewe wajua aliyeuliza. Ila usitoe kwa kukisia kwamba huenda wakaitaka.

FUNGU LA TATU ni namba za mtu mwenyewe. Hizi ni namba ya kitambulisho, namba ya kodi, namba ya NSSF na ya bima ya afya, namba ya akaunti ya benki, na ile namba ya mtihani wa shule ambayo ina tarakimu za shule na tarakimu za mtahiniwa. Katika wasifu usiandike hata moja. Hazisemi kama wajua kazi au hujui. Mtu akisoma namba yako ya kodi, je, atajua kwamba waweza kutengeneza breki? Namba ya mtihani nayo wengi huidharau, kwa kuwa ni ya siku za utoto. Kumbukeni kwamba kwa miaka mingi ilitosha mtu kuituma namba hiyo kwa simu ili aletewe alama zote. Mwajiri anayetaka kuhakikisha matokeo ya shule ana njia ya kuliandikia Baraza la Mitihani mwenyewe, baada ya kukuchagua.

Siku ukipewa kazi, mwajiri atazihitaji namba hizi, maana hawezi kulipa kodi yako wala akiba yako bila ya kuwa nazo. Siku hiyo zitoe, juu ya meza, mbele ya mtu mwenye jina. Hizi ndizo funguo.

Najua, yaani twajua, kwamba wengine watauliza: "Lakini fomu ya Serikali yataka namba ya kitambulisho. Tukiiacha wazi, fomu itatupwa." Ni kweli. Fomu ya ofisi inayojulikana ijazeni kama ilivyo. Fomu ina ofisi yake na mtu wa kuiulizia. Wasifu ni kitu kingine. Wasifu huenda mahali pengi, hupelekwa na rafiki kwa rafiki, hutumwa kwa WhatsApp, huachwa juu ya kaunta. Namba uliyoiandika katika fomu usiirudie katika wasifu.

Wengine watasema: "Tumeambiwa tutie na nakala za vyeti, na namba zimo ndani ya nakala." Hilo nalo ni kweli, na hapa wengi hufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Twashauri hivi. Kwanza, usitie nakala kama hukuambiwa. Pili, ukiambiwa, chukua kalamu na uandike kwa kukata katikati ya nakala, juu ya maandishi bila ya kuyaziba, maneno haya: "Nakala kwa ombi la kazi," kisha jina la mwajiri na tarehe. Nakala yenye maneno hayo ni vigumu kuuzwa kwa mtu mwingine. Wino ni wa senti chache, na wale majuma sita ya fundi wetu hayakuwa ya senti chache.

Tena tuseme habari za saiba. Wengi wetu hatuna mashine za kuandikia nyumbani. Twakwenda dukani, kijana anatupigia chapa, tunalipa, tunaondoka na karatasi. Lakini karatasi haikuondoka yote. Wasifu umebaki ndani ya mashine yake, pamoja na wa jirani yako na wa mke wa jirani yako, na kila aketiye pale anaweza kuufungua. Kijana huyo huenda ni mwaminifu kabisa. Mteja wake anayefuata hatumjui. Ukimaliza, mwambie aufute mbele yako, na barua pepe yako uifunge wewe mwenyewe. Usione haya. Mtu akikuazima jembe humrudishii na viazi vyako.

Na yule anayetangaza kazi bila ya jina la ofisi, bila ya anwani, kwa namba ya simu peke yake, na kutaka vyeti vyote "leo kabla ya saa kumi", huyo msimpe hata namba ya ubavuni. Kazi ya kweli haikimbii hivyo. Anayesema kwamba ni wakala wa kazi za ng'ambo, ulizeni kama yumo katika orodha ya mawakala wenye idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kama hayumo, kunjeni karatasi zenu.

Kwa waajiri tuna maneno matatu, nayo twayasema kwa heshima.

La kwanza, msiulize kila mtu namba zote ili mchague mtu mmoja. Ikiwa nafasi ni moja na waombaji ni mia mbili, mnakusanya siri za watu mia na tisini na tisa ambao hamna haja nao. Kagueni vyeti vya wale mliowaita, na mkague vizuri, hadi ofisi iliyovitoa. Gharama ya kukagua iwe yenu, si ya mtu ambaye hajapata mshahara wa kwanza.

La pili, andikeni katika tangazo ni nani atakayezipokea karatasi, na zitafanyiwa nini baada ya kuchagua. Haya si maneno ya chama peke yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yasema kwamba mtu ana haki habari za jamaa yake na mambo yake mwenyewe zisitakiwe wala kufunuliwa bila ya lazima. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba habari za mtu zichukuliwe kwa kazi iliyotajwa, kwa kiasi kinachohitajiwa tu, na zisikae kuliko muda wake. Mtu ana haki ya kuuliza habari zake zinafanyiwa nini, na iko Ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko.

La tatu, msiyafanye majalada ya waombaji kuwa karatasi za kufungia. Sisi wenyewe tumepata kununua karanga sokoni, tukafungua karatasi, tukaona ndani yake barua ya mtu ya kuomba kazi, na namba yake ya kitambulisho, na jina la mama yake. Karanga zile hatukuzila kwa furaha.

Sasa, ndugu, kabla hatujamaliza yatupasa tuungame. Mzee mmoja wa tawi alipolisoma shauri hili kabla halijapigwa chapa, alicheka, akatuambia, "Na nyinyi je?" Tukamwuliza ana maana gani. Akatuchukua mpaka ubaoni, nje ya ofisi yetu wenyewe. Pale ilikuwako orodha ya wanachama waliolipa ada, imebandikwa kwa pini nne, yenye jina la kila mtu, na namba yake ya kazi, na namba yake ya kitambulisho. Ilikuwa imekaa pale kwa zaidi ya miezi mitatu. Watu wangapi waliipiga picha kwa simu? Hatuwezi kujua. Tumewaonya wenzetu wasipake funguo zao rangi, nasi tulikuwa tumezitundika ukutani.

Orodha hiyo tumeiondoa siku ile ile. Tangu sasa orodha ya ada itakuwa na jina na namba ya kadi ya chama tu, na daftari kubwa litakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, ufunguo mmoja kwa katibu na mmoja kwa mweka hazina. Twaomba matawi yote yafanye vivyo hivyo kabla ya mkutano ujao, na twawaomba radhi wanachama ambao majina yao yalikuwa katika orodha ile. Chama hakiwezi kumdai mwajiri jambo ambalo chenyewe hakilitendi.

Tena kamati imekubali kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya saa nane mchana, watakuwako ofisini wenzetu wawili wanaojua kuandika vizuri. Anayetayarisha wasifu na aje nao. Wataupitia pamoja naye, watatenga namba za ubavuni na namba za ufunguo, na hawatabaki na nakala. Hapana malipo. Wale ambao mikataba yao inakwisha karibu waje kwanza.

Yule fundi wa kuchomelea tuliyemtaja amekubali kukaa pale Jumamosi ya kwanza. Bado hajapata kazi ya kudumu, lakini alisema kwamba hataki mwingine asimame mbele ya karani kama alivyosimama yeye. Mkimwona, msimwulize habari nyingi. Mwonyesheni karatasi zenu, naye atawaonyesha pa kukata.

Jina la kazi yako liandike kwa herufi kubwa, na mwaka uliojifunza, na mahali, na daraja. Hayo ndiyo mambo ya kujivunia. Leseni iliyo katika daftari la wazi, iandike. Zilizobaki zikae mfukoni mpaka ujue unayempa ni nani.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Wahariri